Jicho Halijui Kusema "Sijambo"

Neno la mwezi huu: Luka 11:33–36 na Marko 8:22–26



Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tunayo desturi yetu katika kuamkiana. Mtu akutanapo na mwenziwe njiani huulizwa, "Hujambo?" naye hujibu, "Sijambo." Aliye mzima ajibu hivyo, na mwenye homa ajibu hivyo hivyo. Hata aliyelala kitandani siku tatu, ukimwingilia chumbani na kumwuliza hali, kwanza asema sijambo; kisha, mkiisha kuulizana habari za watoto, za ng'ombe na za mvua, ndipo aongezapo kwa sauti ndogo, "Ila kifua chanisumbua kidogo." Huo si uwongo, ni adabu, mtu hamtupii mgeni mzigo wake mlangoni. Lakini yafaa tujiangalie, maana adabu hii hutufuata hata mbele ya mganga wa hospitali, tena hata mbele za Mungu, mahali ambapo haina kazi.

Nalilikumbuka jambo hili nilipokuwa Machochwe, katika wilaya ya Serengeti, nchi ya Wakuria iliyo karibu na mbuga ya wanyama. Ibada ilikuwa imekwisha, nasi tuliketi kivulini pamoja na wazee wa kanisa na waalimu. Kijana mmoja alikuwa na simu yake, akatusomea habari ya kwamba siku hizi iko mashine itazamayo jicho la mtu na kutaja habari za damu yake na moyo wake, ambazo mtu mwenyewe hajazijua. Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akaniuliza, "Mchungaji, hiyo nayo si ramli?" Na mama mmoja aliyekuwa akikusanya vyombo akasema bila kugeuka, "Mimi nisingependa kuambiwa. Nikiisha kuambiwa nitakwenda wapi?"

Siku ile naliwajibu kwa haraka, wala sikuwajibu vema. Mwezi huu najaribu tena.

Kwamba jicho husema habari za mwili, hilo si jambo geni kwa wafugaji. Mfugaji mzoefu hangojei mbuzi wake aanguke. Humkamata, akafunua ukope wa chini kwa kidole gumba na kutazama rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu, humwachia aende. Ikiwa nyeupe, ajua ya kuwa damu imepungua, labda minyoo wanamnyonya tumboni. Katika Afrika ya Kusini wataalamu wa mifugo wametengeneza kadi yenye rangi tano, toka nyekundu hata nyeupe, ili mfugaji ailinganishe na ukope wa mbuzi au kondoo, ajue yupi apewe dawa na yupi aachwe. Mbuzi hakusema neno. Lakini jicho lake lilikwisha kusema.

Mganga naye hufanya vivyo hivyo kwa watu. Mama mja mzito akifika kliniki, mwuguzi humfunua ukope kuona kama damu yamtosha. Macho yakiwa ya manjano, ini laulizwa. Mtoto asiyeona jioni, ajikwaaye jua linapokuchwa hali wenzake waona, huenda akawa amekosa vitamini A katika chakula chake. Haya yote yaonekana kwa nje. Yaliyo ndani ni makuu zaidi.

Nyuma ya jicho, ndani kabisa, pana utando mwembamba uitwao retina, ndio upokeao nuru. Juu yake hupita mishipa midogo ya damu, kama vijito vionekanavyo kutoka mlimani. Mahali pengine pote mwilini mishipa ya ndani imefunikwa na nyama na ngozi, nayo haionekani pasipo kupasua au kutumia vyombo vikubwa. Hapa peke yake Mungu ameacha dirisha: mwanga ukiingizwa kwa mboni, mwenye kutazama aiona mishipa ikiwa hai, yenye damu ndani yake. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo chenye kioo alichokibuni kwa ajili ya kutazama hapo, na tangu siku zile waganga wamejifunza kusoma. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi, kuta za mishipa hulegea, nayo huvuja. Kisha huota mishipa mipya dhaifu, nayo ikipasuka damu hujaa jichoni, na mtu huamka asubuhi asione. Shinikizo la damu likipanda, mishipa hukonda na kubanana inapopishana. Ubongo ukivimba, kichwa cha neva ya jicho huvimba nacho.

Nitoe mfano mmoja ambao watu wa Mara watauelewa upesi, kwa kuwa malaria ni jirani yetu. Huko Blantyre, katika nchi ya Malawi, waganga waliwachunguza watoto 31 waliokufa baada ya kudhaniwa kuwa na malaria ya ubongo. Habari zake zilitolewa mwaka 2004. Watoto 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Katika dalili zote zilizoandikwa walipokuwa hai, iliyoweza kuwatenga hao na wengine ilikuwa moja tu: alama za nyuma ya jicho. Mtoto aliyepoteza fahamu hawezi kuulizwa neno lo lote, wala mama yake hajui. Jicho lilijua.

Bwana wetu aliposema habari za jicho kuwa ndiyo taa ya mwili, hakuwa akifundisha kazi ya uganga, nami sitaki kulivuta neno lake mahali lisipokwenda. Alinena habari za moyo: jicho lililo safi hujaza nuru mtu mzima, na jicho bovu humtia giza. Lakini liangalie onyo lililo katikati ya neno hilo. Atuambia tujihadhari, isije ile tuidhaniayo kuwa nuru ndani yetu ikawa giza. Yaani mtu aweza kuwa gizani naye hajui. Aweza kuulizwa, naye akajibu kwa moyo mweupe, sijambo. Kisukari na shinikizo la damu ni wa namna hiyo hiyo. Haviumi mwanzoni. Mtu alima, achunga, aimba katika kwaya, na mishipa yake inavuja.

Sasa nije kwenye mashine. Iitwa kwa Kiswahili cha siku hizi akili mnemba, nami naliona jina hilo limezidi kidogo, maana akili ni neno kubwa. Kazi yake katika habari hii ni hivi. Hupigwa picha ya nyuma ya jicho kwa kamera maalumu. Kabla ya hapo mashine imekwisha kuonyeshwa picha nyingi mno zilizoamuliwa na waganga: hii ina ugonjwa, hii haina, hii ina kidogo. Kila ikosapo husahihishwa, mpaka izoee kutofautisha. Katika kazi moja iliyotangazwa mwaka 2016 na watu wa Google, mashine ilifundishwa kwa picha 128,175, nazo zilikuwa zimeamuliwa na madaktari wa macho 54. Ikaweza kutambua madhara ya kisukari jichoni karibu kama wao. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza chombo cha namna hiyo kutoa jibu bila daktari wa macho kuitazama picha kwanza.

Mwaka huo huo wa 2018 lilitokea jambo lililowashangaza hata wenye kazi. Mashine iliyofundishwa kwa picha za watu 284,335 ilitazama jicho tu, ikakisia umri wa mtu kwa kukosea kama miaka mitatu, ikatambua kama ni mwanamume au mwanamke, ikakisia shinikizo la damu, na kwa kiasi fulani ikatambua mvutaji wa tumbaku na mtu aliye karibu na hatari ya moyo. Waganga kwa macho yao hawakuwa wakiweza kuona katika picha hiyo kama mtu ni mume au mke. Tena mwaka 2023 wataalamu wa London, wa hospitali ya macho ya Moorfields na chuo kikuu, walitoa mashine iliyojifunza kwa picha zipatazo 1,600,000, nao wakaijaribu kutafuta dalili za mapema za kiharusi, za moyo kushindwa, na za ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Katika hayo yaliyo nje ya jicho bado yakosea mara nyingi, nami nawaomba wasomaji wasiende kusimulia kwamba kamera moja imechukua mahali pa hospitali nzima. Lakini mlango umefunguliwa.

Mzee wangu wa Machochwe, uliuliza kama hiyo si ramli. Swali lako lilikuwa la haki, wala sikupaswa kulicheka. Mtu ambaye hukumweleza neno akuambia habari za ndani yako: mababu zetu waliliona jambo hilo kwa mpiga ramli, wakalilipia mbuzi. Basi tupambanue. Mpiga ramli huficha hesabu yake, wala haruhusu mtu mwingine kuipima. Mashine hii makosa yake huhesabiwa na kuandikwa, na mganga wa pili aweza kuitazama picha ile ile na kusema, hapa imekosa. Katika vituo vya afya vya Thailand ilikojaribiwa, picha karibu moja katika kila tano ilikataliwa kwa kuwa haikuwa safi ya kutosha, maana mara nyingine chumba hakikuwa na giza linalofaa. Ramli haijapata kukiri kwamba haioni.

Lakini tofauti iliyo kubwa ni nyingine. Mpiga ramli, akiisha kutazama, humtaja mtu. Asema ugonjwa huu umetoka kwa jirani, kwa mke mwenza, kwa bibi kizee wa nyumba ya tatu. Ndugu zangu, sisi wa nchi za Ziwa Viktoria twajua vema jinsi macho yalivyosomwa kwetu. Upande wa Mwanza na Shinyanga wanawake wazee wameuawa kwa kushitakiwa uchawi, na shahidi aliyetajwa dhidi yao mara nyingi alikuwa macho yao mekundu. Macho yale yaliwiva kwa moshi. Mama amepika miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni na kwa kinyesi cha ng'ombe mahali kuni zilipokwisha, akawalisha watoto na wajukuu. Kisha moshi ule ule aliouvumilia kwa ajili yao ukawa hati ya kumwua. Huko ndiko kusoma jicho kwa giza. Mashine hii haimtaji jirani. Husema, mishipa hii yavuja, nenda kapimwe sukari. Mwenye kutaka kuogopa na aogope ile desturi ya kwanza, naye mwalimu wa kanisa asinyamaze ainukapo mtu kijijini na kuanza kunong'ona habari za macho ya bibi fulani.

Tena nitaje, kwa kupita tu, ya kwamba picha ya jicho ni siri ya mtu. Ikiwa yaweza kutaja umri wake na tumbaku yake, si kitu cha kuonyeshana katika simu. Mwalimu aliyesikia habari za ugonjwa wa mtu kwa ajili ya kumwombea asizichukue mpaka kisimani.

Sasa mama yule. Nakiri kwamba neno lake ndilo lililonirudisha kwenye meza ya kuandika. Hakuogopa mashine, wala hakusema ni ushetani. Aliuliza njia. Kutoka Machochwe mpaka hospitali ya Mugumu ni safari. Kutoka Mugumu mpaka Musoma ni safari nyingine. Na ikiwa jicho lahitaji mtaalamu, huenda akaambiwa aende Bugando, huko Mwanza. Nauli, chakula, mahali pa kulala, nani atabaki na ng'ombe, nani atafukuza tembo shambani wakati wa mahindi kukomaa. Mtu aliyejua ugonjwa wake asiweze kwenda popote amepewa mzigo, hajapewa msaada. Tusimwite mama huyu mjinga wala mwoga.

Twaweza kuona jambo hili kwa hesabu. Katika Rwanda walifanya jaribio kwa watu wenye kisukari, nalo likatangazwa mwaka 2022. Walipigwa picha za macho. Wengine walipewa jibu la mashine pale pale, wakaelezwa maana yake. Wengine waliambiwa wangoje siku kadhaa mpaka watu waitazame picha. Katika wale walioonekana wahitaji kwenda kwa daktari wa macho, waliojibiwa pale pale walikwenda 51 katika kila mia, na wale waliongoja walikwenda 39. Basi mashine ilisaidia: watu kumi na wawili zaidi katika kila mia si watu wachache. Lakini hesabuni waliobaki. Hata baada ya kuambiwa waziwazi, siku ile ile, ya kwamba jicho lako lipo hatarini, karibu nusu hawakwenda. Mashine ilikwisha kusema yote iliyokuwa nayo. Hapo haikuwa na mikono.

Kwetu Tanzania kazi kama hiyo imeanza upande wa kaskazini. Hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, nayo iko chini ya shirika la makanisa liitwalo Msamaria Mwema, imekuwa na mpango wa kupiga picha macho ya wagonjwa wa kisukari mkoani Kilimanjaro tangu mwaka 2010. Katika watu zaidi ya 3,000 walioandikwa katika miaka ya kwanza, zaidi ya robo walionekana wamekwisha kuguswa nyuma ya jicho. Mwaka 2024 ulitangazwa mpango wa kuijaribu akili mnemba huko huko, kwa namna iliyo karibu na ile ya Rwanda: kujua kama jibu la papo hapo litawapeleka watu kwenye matibabu. Tiba nayo ipo. Mwali wa leza, au dawa ya kuchoma kwa sindano, huweza kuzuia upofu ikiwa mtu amefika mapema. Kuona kulikokwisha kupotea mara nyingi hakurudi; ndiyo sababu siku na miezi vyahesabiwa.

Tusome basi habari ya kipofu wa Bethsaida katika Marko. Nimeihubiri mara nyingi, nami sikuona mambo mawili mpaka mwaka huu.

La kwanza, mtu yule hakujileta. Watu walimleta, nao majina yao hayakuandikwa. Kisha Yesu mwenyewe akamshika mkono na kumwongoza nje ya kijiji. Tukumbuke ni nani aliyefanya hivyo. Yeye ambaye mahali pengine aliponya kwa neno tu, akiwa mbali na nyumba ya mgonjwa, hapa atembea kwa mwendo wa kipofu, hatua kwa hatua, akimwonyesha jiwe na shimo. Hakuona ni kazi ndogo.

La pili, baada ya kumgusa mara ya kwanza Bwana alimwuliza kama aona kitu. Hapo ilikuwa rahisi sana kwa mtu yule kujibu kwa adabu. Mbele yake amesimama mwalimu mkuu aliyejitaabisha kwa ajili yake, waliomleta wangoja, angaliweza kusema, naona, ahsante, Bwana, na kwenda nyumbani akipapasa ukuta. Hakusema sijambo. Alisema kweli yake yote: aona watu, lakini waonekana kama miti itembeayo. Alisema nusu ilivyokuwa nusu. Na Bwana hakuchukizwa na jibu hilo, wala hakumkemea kwa imani haba, bali aliweka mikono yake tena, hata akaona yote waziwazi.

Luther katika Katekisimo Ndogo, aelezapo sehemu ya kwanza ya Imani, ataja ya kwamba Mungu ametupa mwili na roho, kisha mara moja ataja macho na masikio, kabla ya nyumba na shamba na mifugo. Nasi twalisema neno hilo tangu utoto. Mtu akipewa ng'ombe na bwana wake amtunzie, huenda kumtazama kila siku. Hamwambii bwana wake hajambo kabla hajamtazama. Kwenda kupimwa si kukosa kumtumaini Mungu. Wala mashine isipoona ugonjwa, huyo hajapewa ahadi ya kesho. Anayo habari ya leo, tena habari ya jicho, iliyopimwa na chombo kiwezacho kukosa.

Kwa hiyo nawaandikia waalimu jambo moja la kufanya. Katika sharika nyingi mwalimu huandika majina ya wagonjwa wa kuombewa siku ya Bwana. Kando ya kila jina la mtu aliyeambiwa aende hospitali, andikeni jina la pili, la yule atakayekwenda naye. Jina hilo lisipopatikana, msiifunge daftari. Ulizeni mbele ya usharika mpaka mtu asimame. Fedha ya nauli yaweza kuchangwa kidogo kidogo, na ng'ombe waweza kuchungwa na jirani kwa siku mbili. Waanzeni wale wenye kisukari na shinikizo la damu waliokwisha kujulikana, maana wenye kisukari yafaa macho yao yatazamwe kila mwaka, hata wakiona vema kabisa. Wazee na waalimu nao wajitangulize; itakuwa vigumu kumtuma mama mjane Mugumu ikiwa mzee wa kanisa mwenyewe hajapimwa hata shinikizo la damu.

Na kwa nini mtu asiende peke yake, hata akiwa na nguvu? Mara nyingi, kabla ya kutazamwa ndani, mgonjwa hutiwa matone ya dawa ya kutanua mboni. Hayaleti madhara kwa watu walio wengi, lakini kwa muda wa saa kadhaa nuru ya jua humchoma macho, na vitu vya karibu huwa ukungu. Maandishi ya karatasi ya dawa hayasomeki. Asipande pikipiki kuiendesha mwenyewe, wala asivuke barabara ya stendi bila mtu. Saa zile atawaona watu karibu kama alivyowaona yule wa Bethsaida. Basi achukue kofia pana au kanga ya kujifunika, na majina ya dawa anywazo yaliyoandikwa. Naye mwenzake amshike mkono, amsomee karatasi, akumbuke siku aliyoambiwa arudi, na kumfikisha nyumbani kabla ya usiku.